Kutoka Vugiri hadi Chama cha Filamu: Sinema katika Milima ya Usambara na Swali la Nani Anachagua

1.0 Utangulizi

Katika maandishi ya historia ya filamu Afrika Mashariki, Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi hutajwa mara nyingi. Vugiri hutajwa kwa nadra. Vugiri ipo katika milima ya Usambara Magharibi, upande unaotazama tambarare za Korogwe. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mahali hapo palikuwa na karakana ya filamu iliyopiga picha, ikasafisha mikanda, ikarekodi sauti na kupeleka maonyesho vijijini katika makoloni matano ya Uingereza. Mradi huo ulijulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment, yaani Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu.

Makala haya yanairejea historia hiyo kwa lengo mahususi. Mtu anayefikiria leo kuanzisha chama cha filamu mjini Lushoto, ili wananchi watazame na kujadili filamu za mataifa mbalimbali, aghalabu huanza kwa kuulizia bei ya projekta na upatikanaji wa ukumbi. Maswali hayo ni ya lazima, lakini si ya kwanza. Historia ya Usambara inaonyesha kwamba vifaa, fedha na hata watazamaji viliwahi kupatikana katika milima hii, na bado sinema haikuota mizizi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kilichokosekana ni haki ya mtazamaji kuchagua anachokitazama na kusema juu yake. Chama cha filamu, kwa asili yake, ni chombo cha haki hiyo.

2.0 Jaribio la Vugiri, 1935–1937

Chimbuko la jaribio hili lilikuwa mbali na Usambara. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni aliongoza uchunguzi kuhusu athari za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kwa maisha ya Waafrika. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1933. Miongoni mwa mawazo yaliyozaliwa na kazi hiyo ni kwamba sinema ingeweza kumwelekeza Mwafrika katika mabadiliko ya haraka yaliyokuwa yakimkabili. Shirika la Carnegie la New York lilitoa fedha. Mjini London liliundwa baraza la ushauri chini ya uenyekiti wa Lord Lugard, mwasisi maarufu wa nadharia ya utawala kupitia watemi na machifu.

Utekelezaji ulikabidhiwa watu wawili. Meja L. A. Notcutt alisimamia ufundi. Yeye aliwahi kufanya kazi ya mashamba Afrika Mashariki na kujaribu kuwaonyesha vibarua sinema. G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, alisimamia upande wa elimu. Hawa ndio walioweka makao Vugiri, na mwaka 1937 wakatoa kitabu chao, The African and the Cinema, ambacho hadi sasa ni chanzo kikuu cha habari za jaribio hilo.

Katika muda wa miaka miwili karakana ya Vugiri ilitengeneza filamu 35. Zilikuwa filamu fupi za milimita 16, zilizopigwa bila sauti. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri na kupigwa sambamba na picha, hivyo filamu moja iliweza kuonyeshwa kwa lugha mbalimbali za makoloni husika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Waigizaji walikuwa Waafrika wa kawaida, wakiwamo watumishi wa karakana yenyewe.

Mada za filamu zinaonyesha dhamira ya waliozitengeneza. Ipo iliyohusu Benki ya Akiba ya Posta, ikimlinganisha mtu anayefukia fedha zake ardhini na kuibiwa na yule anayeziweka benki. Zipo zilizohusu minyoo ya safura, malaria ya watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo, chai, ngozi na magonjwa ya ng'ombe. Chache zilijaribu kusimulia visa, kama ile iitwayo Gumu, yenye kijana wa shamba anayeharibikiwa mjini. Karibu kila filamu ilikuwa na mjinga na mwerevu. Mjinga alifuata desturi, mwerevu alifuata shauri la serikali.

Safari ya kwanza ya maonyesho ilianza Septemba 1935 na kumalizika Februari 1936. Lori lililobeba projekta, jenereta na sahani za santuri lilipita Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kwa hesabu ya waandaaji wenyewe, yalifanyika maonyesho 95 mbele ya watu wapatao 80,000. Idadi hiyo ni kubwa kwa zama ambazo barabara nyingi zilikuwa hazipitiki masika. Haiwezekani, basi, kusema kwamba watu wa vijijini hawakuwa na hamu ya sinema. Walikuja, tena kwa maelfu.

Hata hivyo, mwaka 1937 jaribio lilifungwa. Ruzuku ya Carnegie ilikuwa imefikia ukomo, na serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika hazikukubali kubeba gharama za kuliendeleza. Kwa kuwa halikuwa na mwanachama hata mmoja miongoni mwa wale 80,000, hapakuwa na mtu wa kulidai. Waliolianzisha walilifunga, na waliolitazama hawakuulizwa.

3.0 Dhana ya mtazamaji asiyeelewa

Nyuma ya filamu za Vugiri kulikuwa na dhana moja iliyoaminiwa na maofisa wengi wa wakati huo: kwamba Mwafrika wa kijijini hakuwa na uwezo wa kufuata kisa chenye matukio mengi, wala kuelewa mbinu za kawaida za filamu kama vile kuruka kutoka mahali hadi mahali au kusogeza kamera karibu na uso. Dhana hiyo ilipewa nguvu zaidi na Kitengo cha Filamu za Makoloni, kilichoundwa London mwaka 1939, ambacho kiongozi wake William Sellers alisisitiza picha za taratibu, zisizo na mikato mingi, na kisa cha mstari mmoja.

Kwa upande wa Usambara, dhana hiyo inapingwa na ushahidi uliokuwapo hapo hapo. Miongo kadhaa kabla ya kamera kufika Vugiri, Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy alikuwa amekwisha kuandika kwa Kiswahili kitabu chake Habari za Wakilindi, ambacho kilichapwa kwa sehemu na wamisionari wa Magila. Kitabu hicho kinasimulia ujio wa Mbegha, kuasisiwa kwa utawala wa Wakilindi pale Vugha, enzi ya Kimweri ye Nyumbai na vita vya urithi vilivyofuata. Kina wahusika wengi, hila, usaliti na mabadiliko ya mahali yanayodai umakini mkubwa wa msomaji. Masimulizi kama hayo yalikuwa yakisemwa na kusikilizwa milimani kabla ya kuandikwa. Jamii yenye hazina ya namna hiyo haikuhitaji kurahisishiwa visa. Ilihitaji visa vinavyostahili uwezo wake.

Ushahidi wa pili unatoka mijini. Katika miaka hiyo hiyo ambayo maofisa walijadili udhaifu wa akili ya mtazamaji Mwafrika, wakazi wa miji ya pwani, Tanga ikiwamo, walikuwa wakilipa viingilio kwa hiari yao kutazama filamu za Kihindi, za Kimisri na za Marekani katika lugha ambazo wengi hawakuzijua. Walifuata kisa kwa macho, wakakamilisha kwa majadiliano ya barazani, na wakaziimba nyimbo zake majumbani. Tofauti kati ya mtazamaji wa Tanga na yule wa mlimani ilikuwa kwamba wa kwanza alikuwa mteja mwenye uchaguzi, na wa pili alikuwa mwanafunzi asiye na ruhusa ya kuuliza.

4.0 Matuta: somo la nje ya sinema

Ili kuelewa uzito wa tofauti hiyo, inafaa kuitazama mada moja ya filamu za Vugiri ambayo baadaye ilikuja kuwa mgogoro wa kweli katika Usambara, nayo ni mmomonyoko wa udongo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo, kwanza katika bonde la Mlalo na baadaye katika maeneo mapana zaidi ya Usambara. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta kwenye miteremko, na waliokaidi walitozwa faini.

Wasambaa waliukataa mpango huo. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, ameonyesha kwamba kukataa huko hakukutokana na ujinga wa kilimo. Matuta yaliongeza kazi nzito, hasa kwa wanawake, na yalivuruga taratibu za watu maskini kupata ardhi kutoka kwa jamaa na majirani. Wakulima walikuwa na hoja, walizisema katika mikutano, na hoja hizo zikaungana na siasa za kudai uhuru. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umeachwa.

Filamu ya Vugiri juu ya udongo na amri ya matuta ni vitu viwili vilivyotenganishwa na takriban miaka kumi, na si sahihi kusema kimoja kilizaa kingine. Vinachoshirikiana ni mwelekeo wa sauti: inatoka juu kwenda chini na haina njia ya kurudi. Mkulima aliyetazama mjinga na mwerevu kwenye turubai hakuwa na nafasi ya kusimama na kuuliza ni nani atakayelima matuta hayo, na kwa mikono ya nani. Ingelikuwapo nafasi hiyo, huenda serikali ingelisikia mapema kile ilichokuja kulazimishwa kukisikia baadaye.

5.0 Baada ya Vugiri: uigizaji, uhuru na vibanda

Utengenezaji wa filamu Tanganyika ulirejea mwanzoni mwa miaka ya 1950, safari hii kwa kutumia kampuni kutoka Afrika Kusini. Zilitolewa filamu za Kiswahili zenye kisa na ucheshi, maarufu zaidi ikiwa Muhogo Mchungu. Mhusika wake mkuu aliigizwa na Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Ingawa mtaji na uongozi ulikuwa wa wageni, uso uliokuwa kwenye turubai ulikuwa wa mtu ambaye watazamaji wangeweza kumwita ndugu, na lugha ilikuwa yao.

Baada ya Uhuru, serikali ilijenga taasisi zake. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na baadaye Taasisi ya Sauti na Picha. Magari ya sinema yaliendelea kwenda vijijini, mara hii yakihubiri ujamaa, afya na elimu ya watu wazima. Filamu Fimbo ya Mnyonge ya mwaka 1974 ni mfano wa zama hizo. Ujumbe ulikuwa umebadilika, na mwananchi alikuwa sasa mwenye nchi. Lakini mpangilio wa onyesho ulibaki karibu ule ule. Gari lilifika jioni, filamu ikaonyeshwa, gari likaondoka. Haikuwa rahisi kwa kijiji kuiambia wizara kwamba mwezi ujao kingependa kutazama filamu ya Senegal au ya Japani.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na kanda za video. Televisheni ilichelewa kufika Tanzania Bara hadi mwaka 1994, na katika pengo hilo vilichipuka vibanda vya video, ambavyo vijana wameviita kwa utani vibanda umiza. Humo ndimo alimozaliwa msimulizi wa Kiswahili anayeitafsiri filamu ya Hong Kong, India au Marekani kwa sauti yake, akieleza, akiongeza mzaha, akifananisha mambo ya ugenini na ya mtaani. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Lufufu wa Dar es Salaam, ambaye kanda zenye sauti yake zilienea nchini kote.

Msimulizi wa kibanda anastahili kuzingatiwa kwa sababu anafanana na sahani ya santuri ya Vugiri na papo hapo anaigeuza. Zote ni sauti ya Kiswahili iliyowekwa juu ya picha bubu kwa mtazamaji. Lakini sahani ya Vugiri ilitoa maelekezo yaliyopitishwa na ofisi, ilhali msimulizi huishi kwa kuwapendeza waliolipa kiingilio. Akichosha, watu huondoka. Kibanda kiliwapa wananchi nusu ya haki inayozungumziwa hapa, yaani kuchagua kwa kutumia fedha zao. Nusu ya pili, ambayo ni kukaa pamoja baada ya filamu na kuijadili, haikuwa biashara ya mwenye kibanda; yeye alikuwa na filamu nyingine ya kuanza.

6.0 Chama cha filamu kama taasisi

Chama cha filamu kilibuniwa kwingine kwa ajili ya nusu zote mbili. Nchini Ufaransa vyama vya namna hii vilianza katika miaka ya 1920. Mjini London, The Film Society iliundwa mwaka 1925 ili wanachama waweze kutazama filamu ambazo wenye majumba ya sinema hawakuziona kuwa na faida, au ambazo wakaguzi walizizuia. Nchini India, mwaka 1947, Satyajit Ray na wenzake walianzisha Chama cha Filamu cha Calcutta. Ray alikuwa bado hajatengeneza filamu yoyote. Mwaka 1950, akiwa London kikazi, alitazama Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, kisa cha baba wa Kiitalia anayeibiwa baiskeli ambayo ndiyo ajira yake. Mwaka 1955 akatoa Pather Panchali, kisa cha familia maskini ya kijiji cha Bengal. Mfano huu unaonyesha jinsi kutazama kwa pamoja na kwa majadiliano kunavyoweza kumgeuza mtazamaji kuwa mtengenezaji.

Filamu za aina hiyo hazina ugeni mkubwa kwa mkazi wa Lushoto. Dereva wa bodaboda ambaye pikipiki yake si mali yake ataielewa hofu ya baba wa De Sica bila kuelezwa. Filamu Yaaba ya Idrissa Ouedraogo wa Burkina Faso, iliyotolewa mwaka 1989, inamhusu bibi kizee anayetengwa na kijiji kwa kudhaniwa mchawi, na mtoto anayekuwa rafiki yake. Mada hiyo ina uhai katika vijiji vingi vya Tanzania. Ousmane Sembène wa Senegal, aliyeanza kama mwandishi wa riwaya, aligeukia filamu kwa sababu vitabu vyake havikuwafikia watu wasiojua kusoma, na aliiona sinema kuwa shule ya usiku. Shule hiyo ilitofautiana na ya Vugiri kwa kuwa ilimtaka mwanafunzi abishane.

Kutokana na historia iliyoelezwa, misingi minne inajitokeza kwa chama kitakachoanzishwa Lushoto. Msingi wa kwanza ni uchaguzi. Ratiba ipangwe na kamati inayochaguliwa na wanachama, wakulima na wanawake wakiwamo, si walimu na watumishi peke yao. Msingi wa pili ni sauti. Filamu nyingi za dunia hazina maandishi ya Kiswahili, kwa hiyo chama kimwandae msimulizi anayeitazama filamu kabla, anayejua kunyamaza pale picha inapojisemea, na anayeweza kuwaeleza wazee kwa Kisambaa inapobidi. Desturi ya vibanda imekwisha kuwazoeza watu sanaa hiyo.

Msingi wa tatu ni fedha. Vugiri ilikufa pamoja na ruzuku yake. Chama kinaweza kupokea msaada wa vifaa, lakini gharama za kila mwezi zitoke katika ada na viingilio vidogo, hata kama hilo litamaanisha maonyesho machache. Jambo hili linawezekana leo kwa namna ambayo Notcutt na Latham hawakuijua: kilichohitaji lori mwaka 1935 sasa kinaingia kwenye begi na kupanda bodaboda kutoka Soni hadi Mlalo. Msingi wa nne ni uhalali. Maonyesho ya hadhara yanasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976 kupitia Bodi ya Filamu, na haki za watengenezaji zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Chama kinachoomba vibali na idhini mapema kitakuwa na uwezo wa kujitetea pale ambapo filamu fulani itamkera mtu mwenye madaraka, na chama kinachofanya kazi yake vizuri hakikosi siku kama hiyo.

7.0 Hitimisho

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sinema iliingia Usambara kama mgeni aliyejitwika kazi ya kumponya mwenyeji bila kumuuliza maradhi yake. Makala haya yameonyesha kwamba mradi huo ulikuwa na fedha, ufundi na hadhira, na kwamba ulitoweka bila kudaiwa kwa sababu hadhira haikuwa na sehemu ndani yake. Yameonyesha pia kwamba uwezo wa kufuata na kuhukumu visa ulikuwapo milimani kabla ya kamera, na kwamba kibanda cha video kiliurejesha uchaguzi mikononi mwa mtazamaji, ingawa si mjadala.

Kuna kazi moja ambayo chama cha Lushoto kingeweza kuianza nayo. Sehemu kubwa ya filamu 35 za Vugiri imepotea. Chache zilizosalia zimehifadhiwa Uingereza, katika hifadhi ya British Film Institute, ikiwamo ile inayohusu mashamba ya wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro. Chama kiombe nakala, kizionyeshe, na safari hii taa zikiwashwa watu wabaki wameketi. Wajukuu wa waliotazama mwaka 1935 wana majibu ambayo babu na bibi zao hawakupewa nafasi ya kuyatoa, na kuyaandika majibu hayo kwa Kiswahili na Kisambaa kutakuwa mchango wa kwanza wa chama katika historia ya filamu ya nchi hii.